Kitabu kinataja umri wake, simu inauficha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wasomaji wanaojipangia wenyewe safari za kanda ya kati: familia inayotaka kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani, walimu wanaoleta wanafunzi Bungeni, mtumishi aliyehamia Dodoma na sasa anataka kuijua nchi iliyomzunguka. Kuandaa safari za namna hii ndiyo kazi yetu, na makosa tunayoyakuta ni yale yale kila mwaka. Mmoja ameshika kitabu cha mwongozo alichonunua kwenye vitabu vya mtumba, anakiamini kama msahafu. Mwenzake hana kitabu, ana simu na bando. Akipata jibu haulizi liliandikwa lini.

Kitabu, kwa ubaya wake wote, kinataja umri wake. Geuza jalada, pitisha kurasa mbili tatu, utafika ukurasa wa haki miliki. Hapo kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: toleo na chapa. Toleo jipya maana yake mwandishi amerudia kazi, amekagua na kusahihisha. Chapa mpya maana yake mtambo umechapa maneno yale yale kwa kuwa nakala za mwanzo ziliisha. Kitabu kilichoandikwa "toleo la tatu 2014, chapa ya nne 2019" ni kitabu cha 2014. Hapo toa tena mwaka mmoja, kwa sababu anayezunguka kukusanya habari hamalizi leo kitabu kikatoka kesho. Kuna kuandika, kuhariri, kuchora ramani, kuchapa na kusafirisha. Nauli utakazozikuta humo ni za 2013, pengine na nyuma zaidi.

Simu haina ukurasa huo. Jibu la juzi na jibu la miaka tisa iliyopita yanatokea kwenye kioo kile kile, kwa herufi zile zile. Karatasi ya zamani hupiga manjano, kioo hakipigi. Nyumba ya kulala wageni inaweza kuonyesha nyota nne na nusu, kumbe ni wastani wa maoni ya miaka yote, na aliyesifiwa ni meneja aliyekwisha kuondoka. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kusoma maoni yoyote, yapange kwa tarehe, mapya yakae juu, kisha soma ya miezi sita ya karibuni tu. Ukikuta hakuna hata moja la miezi hiyo, hesabu kwamba huna habari. Na ukisoma ukurasa wa tovuti usio na tarehe, tafuta ndani yake kitu chenye mwaka: bei, jina la wilaya, jina la stendi. Ukurasa unaokuelekeza kupanda basi Ubungo umekwisha kujitaja umri, maana mabasi ya mikoani ya Dar es Salaam yalihamia Mbezi Luis na stendi mpya ilizinduliwa Februari 2021.

Kanda yetu ni mtihani mgumu kwa kitabu chochote kwa sababu imebadilika haraka. Chukua kilichotoka kabla ya 2018 ukisome ukiwa hapa. Kitakuonya kwamba barabara ya Dodoma kwenda Babati ni ya vumbi na makorongo na kwamba masika haipitiki bila gari la magurudumu manne yanayovuta. Barabara hiyo, kilomita 251 kupitia Mayamaya, Mela na Bonga, ilizinduliwa ikiwa ya lami 2018. Kitakupeleka kutafuta basi katikati ya mji wa Dodoma, wakati stendi kuu sasa iko Nzuguni, jirani na viwanja vya Nanenane kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kutoka mjini unahitaji bajaji au daladala, na muda wake uuingize kwenye hesabu. Kitasema mabasi hayatembei usiku, na kweli kwa miaka mingi yalikatazwa, hadi 2023 yaliporuhusiwa. Kitakutuma wizarani Dar es Salaam kufuata vibali, nazo wizara ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Kikiwa cha zamani zaidi kitaiweka Babati ndani ya Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara uliundwa 2002, na hakitaijua kabisa Wilaya ya Chemba, iliyokatwa kutoka Kondoa. Kwa treni hakina msaada wowote: SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024.

Hapo vijana hucheka, kitabu kitupwe. Tunawaomba wasubiri kidogo.

Sanduku la kutafutia kwenye simu linakutaka ujue jina la unachokitafuta. Andika "vivutio Dodoma" utaletewa vile vyenye picha nyingi: Bunge, Nyerere Square, Mlima wa Simba, msikiti mkubwa uliofunguliwa 2010. Ni sawa, vyote vipo na vyote vinafaa, ila ni nusu siku ya kuzunguka. Aliyeshika kitabu akisoma kuhusu Kondoa anafunua ukurasa wa pili na kukuta Ziwa Haubi, ambalo hakuwahi kulisikia kwa hiyo asingeliandika kwenye sanduku. Akifuata reli kuelekea magharibi anakuta Kilimatinde, mji wa utawala wa Wajerumani uliokaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki anakuta Kongwa, ambako Waingereza walifungua mashamba ya karanga 1947 na kuuacha mradi 1951. Anapata pia mpangilio: kipi kiko njiani kuelekea kipi, kipi hakistahili siku nzima. Mwandishi wa kitabu alilazimika kuchagua kwa sababu kurasa zina mwisho. Mtandaoni hakuna mwisho, na kila kitu kimeandikwa "lazima ukione".

Sisi hugawa maswali kwa umri wa majibu yake. Lisilobadilika ndani ya miaka ishirini tunaliuliza kitabu: milima, mito, majira ya mvua, umbali, historia, desturi za wenyeji, nini kimechorwa wapi. Kwamba Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, ni kweli kwenye kitabu cha 1985 na ni kweli leo. Linalobadilika kila mwaka au miaka michache, kama viingilio, njia za mabasi na majina ya mamlaka, tunalitafuta kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, tukikumbuka kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na tozo nyingi hubadilika hapo. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nauli kikomo za mabasi hutangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mtu asibishane na wakala kwa kutumia nauli aliyoiona kwenye picha iliyosambazwa WhatsApp. Linalobadilika kila siku, mvua na hali ya makorongo, tunalifuata kwa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na kwa wenyeji.

Hawa wenyeji ndio chombo cha tatu, na hupatikana kwa simu ile ile ikitumika kupigia. Ila kuna namna ya kuuliza. Ukiuliza "barabara ni nzuri?" utaambiwa "nzuri tu", kwa ukarimu. Uliza: gari la mwisho kupita lilikuwa la aina gani, na lilipita lini? Ukiambiwa Noah ilipita jana jioni, una jibu. Ukiambiwa trekta, una jibu pia.

Sasa tuoneshe kwa safari moja, ya siku mbili kwenda Kolo, maana ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo inayoharibika zaidi.

Kosa la kwanza hutokea kwenye jina. Urithi wa dunia ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2006 unaitwa Michoro ya Miambani ya Kondoa, kwa hiyo watu huelekeza simu "Kondoa" na kushuka Kondoa mjini. Ofisi ya kituo iko Kolo, kijiji kilichoko mbele zaidi kwenye barabara ya Babati, kilomita zaidi ya ishirini kaskazini mwa mji wa Kondoa na takriban 180 kutoka Dodoma. Mapango yenyewe, kwa kweli vibanda vya miamba, ni zaidi ya 150 yaliyotawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Anayesema "nimeiona michoro ya Kondoa" ameona vibanda vitatu. Kitabu ndicho kinachokusaidia kuchagua. Kundi la Mungomi wa Kolo ndilo linalofikika kwa mgeni wa siku moja: ni kama kilomita kumi kutoka ofisini, njia ya vumbi yenye kuvuka mto wa mchanga, halafu mwisho mnapanda mlima kwa miguu, na mlima wenyewe ni mkali. Pahi, Fenga na Thawi ni za mwenye siku ya pili. Huruhusiwi kupanda bila kupita ofisini Kolo, kulipa na kupewa mwongozaji. Malipo ya serikali huenda kwa namba ya malipo, basi weka fedha kwenye simu kabla hujaondoka Kondoa, usitegemee kumpata wakala kijijini.

Soma historia usiku wa kabla, kwenye karatasi. Mbele ya jiwe hakuna muda wa kusoma, na picha nyingi zimefifia kiasi kwamba asiyejua anatafuta nini haoni kitu. Mary Leakey alipoinakili michoro hii 1951, alitumia miezi kutazama. Wewe una saa mbili. Ukiwa na kitabu chenye mchoro ulionakiliwa, weka alama kwenye ukurasa, linganisha na jiwe: twiga yupo wapi, watu warefu wenye nywele zilizotanda wako upande gani. Hapa simu inashindwa vibaya, kwa sababu picha nyingi za mtandaoni zimeongezwa rangi na mtu hufika akitarajia wekundu ule. Tamaa hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya wageni wa zamani kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Maji huiharibu. Usimwagie, usiguse.

Upande wa gari, hesabu hii inafaa familia yoyote. Kwenda na kurudi ni kilomita 360. Ongeza 30 za kuzunguka kutoka ofisini hadi mlimani na kwenda kulala Kondoa. Jumla 390. Gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100 litakunywa lita 39, ongeza moja ya sita kwa ajili ya vumbi, mlima na kiyoyozi, utapata kama lita 45. Zidisha kwa bei kikomo ya mwezi huo. Jaza Dodoma, jazia Kondoa. Kuhusu muda, vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na vijiji viko vingi. Mabasi nayo hayaruhusiwi kuzidi 80. Ukisimama mara moja kunywa chai, weka saa tatu hadi tatu na nusu, hata kama simu itakuahidi chini ya hapo. Ukitoka Dodoma saa 12 asubuhi utapanda mlima kabla jua halijawa kali. Ukitoka saa 4, utapanda saa 8 mchana na watoto watalia.

Ramani ya simu ipakuliwe nyumbani, kwenye intaneti ya uhakika. Kwenye Google Maps unagusa picha ya akaunti yako, unaingia kwenye ramani za nje ya mtandao, unavuta fremu ifunike kutoka Dodoma hadi Babati, unapakua. Hatua ambayo karibu kila mtu huiruka ni ya kujaribu: zima data, weka hali ya ndegeni kisha iwashe GPS peke yake, andika "Kolo", uone kama inafunguka. Kama haifunguki sebuleni kwako, haitafunguka korongoni. Kumbuka pia kwamba ramani hiyo ikiwa nje ya mtandao hutoa njia za gari tu, za miguu haitoi. Programu zinazotumia ramani ya OpenStreetMap mara nyingi huwa na vijia vya vijijini ambavyo nyingine hazina, kwa sababu huchorwa na watu wa kujitolea. Kwa sababu hiyo hiyo, kijiji ambacho hakuna aliyejitolea kukichora hubaki tupu. GPS yenyewe haihitaji bando, inapokea kutoka kwenye setilaiti, ila bila data inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua ulipo. Simama mahali pa wazi, subiri, usianze kutembea huku ukiitukana.

Kwenye kuhamisha namba kutoka kitabuni kwenda simuni kuna mtego ambao tumeona ukiwapeleka watu wazima mbali kabisa. Vitabu vingi huandika nukta kwa nyuzi na dakika: Dodoma ni nyuzi 6 dakika 10 kusini, nyuzi 35 dakika 44 mashariki. Simu inataka desimali. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo dakika 10 ni 0.167, na Dodoma inakuwa -6.167. Ukiandika 6.10 kwa kudhani ni kitu kimoja, umekosea kama kilomita saba na nusu. Ukisahau alama ya kutoa, uko kaskazini mwa ikweta, kusini mwa Ethiopia. Wale wanaotumia ramani rasmi za 1:50,000, ambazo sentimita mbili ni kilomita moja, wajue kwamba zile za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960 na simu inatumia WGS 84. Tofauti yake kwetu hapa ni kama mita 300, yaani milimita 6 kwenye karatasi. Barabarani haikudhuru. Ukitafuta kibanda cha mwamba kwenye kichaka, mita 300 ni mlima mwingine.

Majina nayo. Chang'ombe iko Dodoma na iko Dar es Salaam. Huu ni mfano mwepesi, kila mtu ataugundua. Makutupora ndiyo inayoumiza. Ipo Makutupora ya Jiji la Dodoma, kaskazini, yenye visima vya maji na kambi ya JKT. Ipo nyingine magharibi, Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, na hiyo ndiyo inayotajwa kwenye habari za SGR kila zinaposema "Morogoro–Makutupora", kipande cha kilomita 422. Kitabu cha zamani kikitaja Makutupora, angalia mstari wa juu na wa chini: kama jirani zake ni Kintinku na Manyoni, ni ya reli. Kwenye simu, usiguse jibu la kwanza, soma wilaya iliyoandikwa chini yake. Hali kadhalika "stesheni": mwendesha bodaboda ukimwambia stesheni tu, anaweza kukushusha kwenye jengo la reli ya kati, ile iliyofika Dodoma 1910. Sema stesheni ya SGR, na ufike mapema, mizigo hukaguliwa kama uwanja wa ndege.

Saa zinahitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu hapa kitabu, tovuti na karani wa tiketi husema lugha tatu. Kitabu cha Kiingereza huandika 6 am, yaani saa 12 asubuhi. Tovuti huandika 06:00, na wapo Watanzania huisoma saa sita. Karani huandika kwa mkono "12:00" akimaanisha alfajiri, na mgeni wa Kizungu huja adhuhuri kulikuta vumbi la basi. Ukiwa na shaka usiulize "saa ngapi?" mara ya pili, utajibiwa vile vile. Uliza kama ni kabla ya jua kuchomoza au baada ya hapo. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe, umeongezeka mkanganyiko wa tarehe. Tiketi iliyoandikwa 00:30 ya Jumapili ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Unatakiwa kuwa stendi Jumamosi usiku. Anayefika Jumapili usiku amechelewa kwa saa 24 kamili, na kwa sheria za tiketi yuko upande wa kosa.

Kuhusu malazi tutasema machache. Kitabu kitakuambia vyumba Dodoma hupatikana kirahisi, na mwandishi hakudanganya, huenda alikuja Novemba. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na mwanzoni mwa Agosti kuna maonesho ya Nanenane pale Nzuguni. Wiki hizo weka chumba mapema au ukalale Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Ukiweka chumba mtandaoni, piga simu kwa nyumba yenyewe siku mbili kabla, uthibitishe kwa jina. Pini ya hoteli kwenye ramani iulizwe pia. Tangu anwani za makazi zisambazwe nchini, omba jina la mtaa na namba ya nyumba, ni salama kuliko "mkabala na kituo cha mafuta" ya kitabu ambacho kituo chake kimeshabomolewa.

Na zile programu za akili unde zinazojibu kila swali? Zinafaa kukupa orodha ya maswali ya kuuliza. Ratiba ya basi la Kondoa zitakupa pia, kwa saa na dakika, hata kama basi hilo halipo. Zisitumike kwa ratiba.

Kinachobaki ni karatasi moja ya A4, ikunjwe mara mbili iingie mfukoni. Upande mmoja ni mifupa ya safari kutoka kitabuni: mahali, umbali, mpangilio, vitu vya kuona. Upande wa pili ni yale ya mtandaoni na ya simu, na mbele ya kila moja tarehe uliyolithibitisha na kwa nani: nauli, tarehe, mafuta, tarehe, mto wa mchanga wa Kolo, tarehe, "mwenyeji, kwa simu". Lenye tarehe ya zaidi ya wiki mbili lipigiwe tena. Andika humo namba ya mwenyeji na 112 ya dharura, kwa sababu siku simu itakapozima chaji hutazikumbuka. Mkirudi, sahihisheni kitabu kwa penseli pembeni mwa ukurasa, mkiweka mwezi na mwaka. Kama ni cha maktaba ya mkoa msikiandike, wekeni kipande cha karatasi ndani. Msomaji ajaye atashukuru na mkutubi hatawatoza.

Mhariri, tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye dhamana ya utalii wa ndani. Vitabu vingi vya mwongozo vinavyoizungumzia Dodoma vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mgeni anayepita kwenda Arusha, na bei zake ni za dola. Kijitabu cha Kiswahili cha kurasa sitini kingetosha kanda nzima, kikiwa na yasiyobadilika tu: historia, ramani yenye skeli, umbali, majira, majina ya vijiji na wilaya zake. Yanayobadilika yachapwe kwenye karatasi ya kuchomekwa ndani na kutolewa upya kila Julai, viingilio vipya vikishatangazwa. Gharama ya kuchapa karatasi moja haifanani na ya kuchapa kitabu.

La pili ni kwako. Gazeti linapochapisha makala ya safari, liweke chini yake mstari mmoja: nauli, viingilio na hali ya barabara vimehakikiwa tarehe fulani. Makala hizo hukatwa na kuhifadhiwa, hupigwa picha na kutumwa kwenye makundi, na miaka mitano baadaye bado zinazunguka bila ukurasa wa kwanza wenye tarehe. Na kwa kuwa tumeomba wengine wahakikiwe, nasi tuhakikiwe: ikiwa kuna kilomita au mwaka wenye kasoro katika barua hii, wasomaji wa Kolo, Kondoa na Manyoni watusahihishe kupitia ukurasa huu huu.

Waandaaji wa safari,
Dodoma